Gari Lisiloonyesha Waya

Alhamisi Kuu jioni, Orlinda Maestas alirudi kazini akaikuta rilei yake, kile kidude cha kuunga na kukata umeme wa gari, imetiwa ndani ya bakuli la vitunguu, juu ya meza ya jikoni. Humo humo palikuwa na fyuzi, kipande cha waya mnene mwekundu, na ile swichi ndogo ya presha ya oili aliyoifunga kwa mikono yake Jumapili mchana kutwa. Vyote vilikuwa vimepanguswa mafuta vizuri. Aliyeving'oa alitaka aonekane mstaarabu.

Hakuvua hata koti. Alilibeba bakuli zima, na vitunguu vyake, akatoka nalo uani.

Mumewe Eloy alikuwa anaisugua Fleetline yake kwa kitambaa cha pamba. Gari la mwaka hamsini na moja hilo, la milango miwili, rangi ya zambarau iliyoiva, tumbo limeshushwa mpaka likaribie kulamba lami. Miaka sita alikuwa anaishi nalo zaidi kuliko alivyoishi na watu wa nyumbani kwake. Vitasa vya milango alivikata vyote, vya nje na vya ndani, akaziba matundu na kupaka rangi, na sasa milango ilifunguka kwa kubonyeza kidude alichokitia mfukoni. Vioo navyo vilipanda na kushuka kwa umeme. Chini ya boneti alitia injini mpya kubwa ambayo haikuwa na mahali pa kufunga pampu ya mafuta ya kizamani, ndiyo maana ikabidi ipatikane pampu ya umeme, ikafungwa nyuma karibu na tanki.

"Eloy, hii nini?"

"Vitunguu."

"Usinichezee akili. Nani kakwambia ung'oe swichi yangu?"

Eloy aliendelea kusugua. "Filadelfio Tafoya alipita mchana. Kafungua boneti, kacheka mpaka kakohoa. Anasema injini yangu ina matumbo nje, mfano wa mbuzi aliyechinjwa. Waya huku, kidude kule. Kesho asubuhi chama wanalikagua gari kabla ya kunipokea, Orlinda. Kila waya unaoonekana wanakata alama."

"Kwa hiyo pampu umeifungaje?"

"Moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nimeweka swichi chini ya dashibodi, haionekani mpaka uiname. Nyaya zote nimezipitisha kwenye mrija mmoja ndani ya bodi. Za pampu, za milango, za vioo. Safi! Njoo uone."

"Nione nini, na wewe umezificha?"

"Ndiyo maana yake."

"Fyuzi iko wapi?"

"Fyuzi ya nini? Macho ninayo."

Orlinda aliliweka bakuli juu ya boneti. Eloy akaliondoa upesi, akaangalia kama limeacha mchubuko.

"Nisikilize vizuri," Orlinda alisema. "Ile swichi ndiyo inayoiambia pampu kwamba injini imekufa. Injini ikizimika, presha ya oili inashuka, pampu inakata. Umeitoa. Sasa injini itakufa na pampu itaendelea kusukuma petroli, haina habari. Itasukuma mpaka tanki likauke au wewe uiname chini ya dashibodi. Umenielewa?"

"Umezoea mabasi wewe."

"Mabasi arobaini na mawili. Yanabeba watoto wa bonde zima, na hakuna hata moja lililowahi kuungua mikononi mwangu."

"Sawa, hayo mabasi. Hili ni gari la sanaa."

Hapo ndipo penyewe. Orlinda alikuwa fundi umeme wa mabasi ya shule kwa miaka kumi na tisa, na katika mji wetu wote wa Española hapakuwa na mwanamume aliyefunga waya akamfikia. Wanaume wa chama cha Watanashati wa Bonde walilijua hilo, na kila betri zao zilipokufa walimpigia simu, kwa sauti ya chini. Lakini Filadelfio alipofungua boneti na kuona nyaya zimepangwa kwa mstari, zimefungwa kwa vibanio kila baada ya shubiri, alimuuliza Eloy, "Kazi ya nani hii? Ya mkeo?" Na Eloy akajibu kwamba ni yake mwenyewe, ila alikuwa bado hajaimaliza. Kisha akaenda kuchukua plaizi.

"Na kesho unataka kumpandisha mama humo," Orlinda alisema.

"Nimemuahidi."

"Basi mwambie umebadilisha mawazo."

"Mwambie wewe," Eloy alisema. "Mimi naona anafurahi."

*

Mama Ursulita, mama yake Eloy, alikuwa na miaka sabini na tisa, na kweli alikuwa anafurahi. Arobaini na moja kati ya miaka hiyo alitembea kwa miguu hadi kanisa la Chimayó kila Ijumaa Kuu, pamoja na watu wote wa bondeni. Miaka mitatu iliyopita magoti yalimkatalia, akabaki nyumbani kusikiliza redio na kununa. Mwaka huu angekwenda tena. Alikuwa ameshatoa shali yake nyeusi, ameining'iniza nyuma ya mlango wa jikoni, na kila alipopita aliigusa.

Orlinda alimkuta anakoroga panocha kwenye sufuria, ule uji mzito wa ngano iliyochipua tunaoula Kwaresima, mwiko umekaza.

"Mama, kesho tutakwenda kwa pikapu yangu."

"Pikapu yako inanuka mbwa, mwanangu."

"Nitaiosha."

"Mbwa hatoki kwa kuoshwa." Bibi kizee aliuonja uji, akauongeza sukari. "Eloy kaniambia nitakaa nyuma peke yangu, kwenye mahameli. Nitawapita kina Cleofas njiani wanatota jasho, nami niwapungie mkono. Unajua raha yake?"

"Mama, lile gari lina hatari. Likizimika, petroli inaendelea kuja. Na milango haina vitasa. Ukitaka kutoka, hutoki mpaka mtu akubonyezee."

"Basi nitasali lisizimike."

"Sifanyi mzaha."

Mama Ursulita aliuacha mwiko. Akasogea karibu na mkwe wake, maana ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba na mwanawe alikuwa uani.

"Najua hufanyi mzaha," alisema. "Wewe ndiye mwenye akili humu ndani, nimeshasema hata kwa padri. Lakini yule ni mwanangu. Ana miaka hamsini na tatu na hajawahi kuchaguliwa popote. Hata kwenye timu ya mpira shuleni walimwachia kubeba maji. Kesho wale majogoo watamvalisha lile koti lao. Mwache afurahi siku moja. Halafu Jumamosi ulifungue, ulifunge unavyotaka."

"Na ile picha yako aliyoichongesha kwenye gari, uliiona?"

"Niliiona." Mama Ursulita aligeukia sufuria. "Yule si mimi. Pua ile ni ya dada yangu Cleofas."

Picha aliyoiulizia Orlinda ilichongwa kwenye kioo cha pembeni, nyuma ya mlango wa kulia. Eloy alimtafuta mchongaji huko Albuquerque, akampa picha ya mama yake akiwa msichana, akangoja miezi saba. Uso uling'aa mweupe ndani ya kioo, na chini yake maneno yenye mikunjo mingi: Kwa Heshima ya Mama Yangu. Wakati huo Mama Ursulita alikuwa anangoja miwani mipya mwaka wa pili, na hakuna aliyemtafutia.

*

Ijumaa asubuhi Orlinda alichelewa kidogo tu. Alikuwa ameishaiosha pikapu, ameitandika blanketi safi, aingie ndani amchukue mama mkwe kwa mkono kabla mtu hajasema neno. Lakini alipotoka nyuma ya nyumba akaiona Fleetline imeshafika barabarani, na ndani yake shali nyeusi, wima, na mkono unampungia.

Aliwafuata. Alijua watapita kwanza kwa Filadelfio, kwenye uwanja wake wa changarawe kando ya barabara ya Chimayó, huko ndiko ukaguzi ulikofanyikia.

Magari manane yalikuwa yamepangwa pale, yanameremeta, pua zimeelekea barabarani ili mahujaji wanaopita na fimbo zao wayaone. Watu wanakwenda kumkumbuka Aliyeteswa, na hawa wanang'arisha kromu! Filadelfio Tafoya, mwenyekiti, alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, masharubu yamepakwa nta, mikononi amevaa glavu nyeupe. Kazi ya glavu zile ilikuwa kugusa mahali ambapo mtu mwenye akili hagusi, kisha kuuonyesha umma kama zimechafuka. Alikuwa pia na kioo kidogo chenye mpini mrefu cha kuchungulia chini ya magari. Cheo chake kazini kilikuwa mlinzi wa duka la vyakula vya mifugo, lakini siku ya ukaguzi usingethubutu kumkumbusha.

"Karibu, shemeji," alimwambia Orlinda aliposhuka. "Umekuja kutuletea chakula?"

"Nimekuja kumchukua mama."

"Aa, mwache mama bwana! Anapendeza. Tunapiga picha kwanza. Bibi nyuma, picha ya bibi kwenye kioo, patamu hapo."

Wanaume wakacheka. Eloy naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa amesimama kando ya gari lake, milango imefungwa ili mistari ya bodi ionekane, boneti imeinuliwa, injini inanguruma polepole. Ndani, Mama Ursulita alikuwa amekaa katikati ya kiti cha zambarau, mkoba mapajani, anatabasamu kama aliyeambiwa asitikisike.

"Eloy," Orlinda alisema, "mfungulie mama ashuke, halafu wakague wanachotaka."

"Dakika tano."

"Sasa hivi."

"Orlinda, unaniaibisha mbele za watu," alisema kwa meno.

Filadelfio aliinama kwenye injini. Akapitisha glavu pembeni, akaingiza kile kioo chake chini, akazunguka upande wa pili. Eloy alimfuata nyuma na kitambaa chake cha pamba. Mwishowe aliinuka, akanyoosha glavu zake juu, nyeupe pe.

"Mabwana," alisema, "sijaona waya hata mmoja."

Wakapiga makofi. Mmoja alimpiga Eloy begani. Nimewahi kuona wanaume wakipokea watoto wachanga kwa furaha ndogo kuliko ile.

Katikati ya makofi hayo injini ikakohoa mara mbili, ikafa.

"Si kitu," Eloy alisema. "Imemeza mafuta mengi tu. Ilisimama muda mrefu."

Makofi yalipokwisha, uwanja ukawa kimya, na katika kimya hicho ikasikika sauti nyembamba kutoka nyuma ya gari, mvumo usiokatika.

"Injini imekufa," Orlinda alisema. "Kinachovuma ni nini?"

Mmoja wao aligeuka kupangusa kromu yake.

"Nawauliza nyie mafundi. Ni nini kinachovuma?"

"Nyuki," alisema Filadelfio, na wote wakaangua kicheko.

Walicheka kwa sababu walijua. Pale uwanjani hapakuwa na gari hata moja lisilovuma hivyo injini ikizimika. Wote walizing'oa fyuzi zao na swichi zao, mmoja akimwiga mwenzake, na ule mvumo kila mtu alikuwa amejifunza kutousikia. Kuuliza kilichovuma ilikuwa ni utovu wa adabu, sawa na kumuuliza mtu habari ya meno yake ya bandia.

Orlinda aliinama juu ya injini. Petroli ilikuwa inafurika juu ya kabureta, inateremka ubavuni mwa injini, tone kwa tone, kuelekea kwenye bomba la moshi ambalo bado lilikuwa la moto.

"Zima pampu! Eloy, zima pampu!"

Eloy alichomoa kidude mfukoni ili afungue mlango aifikie swichi ya chini ya dashibodi. Alikibonyeza. Mlango haukufunguka. Akabonyeza tena, akabonyeza mara kumi, akakipiga kidude kwenye kiganja. Ule waya mwembamba wa pampu, usio na fyuzi, ulikuwa umepata moto ndani ya mrija kwa saa nzima, umeyeyusha ngozi yake na ya wenzake, na nyaya za milango na za vioo zilikuwa zimekwisha kazi. Pampu peke yake ndiyo iliyobaki nzima. Iliendelea kuvuma.

Kisha moto ukashika, kwa sauti ndogo ya kupumua. Ndimi zikatoka chini ya boneti, za bluu kwanza.

Sasa niwaambie walichofanya Watanashati wa Bonde. Walikimbia. Nisiwaonee, hawakukimbia ovyo, kila mmoja alikimbilia gari lake. Filadelfio alivua glavu kwa meno, akaruka ndani ya lake, akalirudisha nyuma kwa kasi mpaka barabarani, karibu awagonge mahujaji. Wenzake wakafuata. Kwa muda mfupi uwanja mzima ulikuwa umebaki mtupu, vumbi tupu, na katikati yake Fleetline ya zambarau inaungua mbele, na Mama Ursulita nyuma.

Bibi kizee alikuwa amesogea kwenye kioo cha kulia. Moshi ulikuwa umeanza kuingia kwa chini ya dashibodi. Alipiga kioo kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kistaarabu, kama anayebisha hodi. Uso wake ulikuwa nyuma ya ule uso mweupe wa kuchongwa, midomo inatembea.

Eloy alikuwa anavuta ukingo wa mlango kwa kucha. Hapakuwa na kitu cha kushika. Alikuwa ameifanya kazi hiyo vizuri mno.

Orlinda alikuwa ameishafika kwenye pikapu na kurudi. Mkononi alikuwa na spana ya magurudumu, ile ndefu ya mabasi.

"Mama, rudi nyuma! Funika uso!" Akainua.

"Siyo kioo!" Eloy alipiga kelele. "Orlinda, siyo hicho! Hicho hakipatikani tena! Vunja cha upande ule!"

Hata hakusogea kumzuia, tumtendee haki. Alisema tu. Lakini alisema kwa sauti ya kutosha, naye Mama Ursulita alikuwa sentimita chache upande wa pili.

Orlinda alipiga. Kioo kilikatika katikati ya ile pua ya Cleofas, kikaanguka chote pigo la pili. Akatupa spana, akatandaza koti lake juu ya vipande, akaingiza mikono mpaka kwapani. Hapo Eloy alizinduka, akaja akamshika mama yake kiuno, na wawili hao wakamtoa kwa tundu lile, kiatu kimoja kikabaki ndani. Orlinda hakungoja. Alijiingiza yeye mwenyewe nusu, tumbo juu ya kiti cha mbele, moshi umemfunga macho, akapapasa chini ya dashibodi mpaka akaipata swichi.

Mvumo ukakoma.

Mahujaji ndio waliouzima moto, kwa udongo na maji yao ya kunywa.

*

Mama Ursulita walimkalisha nyuma ya pikapu, juu ya lile blanketi safi. Alikohoa sana, akatema cheusi. Sikio lilikuwa limekatwa kidogo na Orlinda alikuwa analibana kwa kitambaa. Mikono ya Orlinda yenyewe ilikuwa imechanika mpaka kwenye viwiko, lakini hakuna aliyekuwa ameiona bado, hata yeye.

Magari saba yalirudi moja moja, taratibu, yakasimama mbali. Filadelfio alikuja kwa miguu. Mkononi alikuwa amebeba koti jeusi lenye maandishi ya dhahabu mgongoni.

"Eloy, ndugu yangu," alisema. "Tumeshauriana. Bodi haijaungua sana, pua tu. Sisi kwa kauli moja tunasema umeingia. Mtu aliyepatwa na haya hawezi kuachwa nje." Akamtandikia koti mabegani.

Eloy hakulivua. Alisimama nalo, analia, pua inamtoka, huku mkono mmoja unaushika ukingo wa koti lisianguke vumbini. Kisha akamwendea mama yake, akapiga magoti mbele ya pikapu.

"Mama, nisamehe. Lile neno la kioo. Lilinitoka tu. Nilishtuka, mama, sikujua ninalosema."

Mama Ursulita alimtazama. Alinyoosha mkono akampangusa pua kwa ncha ya shali, jinsi alivyomfanyia akiwa na miaka minne.

"Nimekulea mimi," alisema, sauti imekauka kwa moshi. "Umeanguka kwenye mti, umeng'atwa na mbwa, umezama mferejini. Wewe ukishtuka unaita mama. Leo nilikuwa pale pale, masikio wazi, sikusikia mtu akiita mama."

Akaiondoa shali kwenye uso wake, akajifunika nayo kichwa.

"Orlinda, mwanangu," alisema, "washa gari. Watu wameshafika mbali."